Mashine ya Mita Mbili na Thelathini na Moja

Mashine yenyewe ilikuwa bomba la chuma lililosimama juu ya miguu mitatu. Kichwani ilikuwa na mikono miwili mifupi iliyovutwa pamoja kwa springi, na ncha zake zilifungwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu ili zisikwaruze. Kati ya mikono hiyo uliwekwa mpira wa voliboli. Mchezaji alikuja mbio, akaruka, akaupiga. Springi ikalegea, mpira ukachomoka. Kazi yake ilikuwa hiyo tu.

Wazo si baya, na silidharau wazo. Katika kitabu cha Kifaransa cha mafunzo ya voliboli nilichokinunua Goma, kikiwa hakina jalada wala kurasa kumi na mbili za mwanzo, kulikuwa na mchoro wa chombo kama hicho, na maelezo yake yalikuwa ya busara: mpira uliotulia humfundisha mpigaji mahali pa kuukuta kwa mkono, kabla hajaanza kuhangaika na mpira unaotembea. Ninachokidharau ni kile chombo chetu, na jinsi watu wazima kumi na wanne tulivyokitii.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati barabara ya kwenda Ruhengeri ilipoanza tena kupitika bila kusubiri msafara wa wanajeshi. Nilikuwa mtunza bohari wa kampuni moja ya kununua na kusafirisha mazao, katika mji wetu ulio ng'ambo ya mpaka kutoka Goma, kando ya barabara inayoteremka kuelekea Rubona. Ijumaa baada ya saa nane ofisi ilifungwa na wafanyakazi wote tukaenda michezoni. Mchezo wetu ulikuwa voliboli, kwa sababu mkurugenzi alipenda voliboli. Angependa bao, tungecheza bao.

Mkurugenzi alikuwa mtu mfupi, nadhifu, aliyevaa tai hata na kaptula ya michezo. Alizaliwa upande wa Kongo kama wengi wetu, na alikuwa amekaa miezi mitatu Ubelgiji kwa mafunzo ya uongozi. Kila alichokiona huko kupitia dirisha alikileta kwetu kama kitu alichokisomea. Huko, jioni moja, alipita nje ya ukumbi wa michezo na kuona watu wakipiga mpira uliobanwa kwenye nguzo. Hakuingia. Sijui alisimama dakika ngapi, lakini zilitosha kutugharimu sisi msimu mzima.

"Kule," alituambia, "hakuna mutu anapigaka mupira ovyo. Kule ni méthode. Kwanza mashine, kisha mutu."

Tulipiga makofi. Tulikuwa tukipiga makofi hata kabla hajamaliza sentensi. Ilikuwa njia ya kuonyesha kwamba tumeelewa.

Mchezaji halisi tuliyekuwa naye alikuwa mmoja, na hakuwa mfanyakazi. Alikuwa mbeba magunia wa kutwa. Kila asubuhi saa moja walisimama nje ya lango watu thelathini au arobaini, msimamizi akaja na karatasi, akasoma majina, na ambaye hakusomwa akarudi nyumbani. Huyu alikuwa amesimama pale karibu miaka miwili. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mrefu, mkimya, mwenye mke na watoto mapacha katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko. Voliboli aliijua tangu Goma. Aliporuka, ulimwona akikaa hewani muda mfupi, kama mtu anayetafuta kitu juu ya kabati, kisha mkono ukashuka. Mpira aliopiga haukuwahi kurudi kwetu.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumefungwa na timu ya ushirika wa wakulima wa viazi wa Mudende, watu tuliowanunulia mazao na ambao mkurugenzi aliwaita "wale wa matope". Lilimuuma. Ijumaa moja alimwita yule mbeba magunia katikati ya uwanja, akamshika begani, yaani akanyanyua mkono mpaka ukafika begani, na kusema kwa sauti:

"Tukipiga Mudende, Jumatatu yake unasaini kontra. Nasema mbele ya watu."

Tangu siku ile yule mtu hakuwa na jambo lingine kichwani. Kontra, yaani mkataba wa ajira, ilikuwa na maana moja: kutosimama tena langoni kusubiri jina. Wenye mikataba waliingia kwa mlango mdogo wa pembeni, wakiwa na kadi ya kampuni, na kadi hiyo ilimtibu mtu na mkewe na watoto. Kwa mtu wa mapacha, hilo si jambo dogo.

Mashine ilitengenezwa na mchomeleaji mmoja wa Goma aliyevuka mpaka kila siku na gesi yake kwenye mkokoteni. Mtu yule aliijua kazi yake. Sehemu ya juu ya bomba aliifanya iingie ndani ya sehemu ya chini, akatoboa matundu nane na kutia pini, ili mtu apandishe na kushusha mpira apendavyo. Tundu la juu kabisa liliuweka mpira karibu mita tatu kutoka ardhini. Alianza na tundu la tatu kutoka juu, akasimama pembeni akifuta mikono.

Mkurugenzi alitaka kufungua yeye. Alivua koti, akarudi nyuma hatua nane, akaja mbio, akaruka. Hakugusa kitu. Hatukucheka. Alirudia, mara hii alilipiga bomba kwa kiwiko.

"Shusha kidogo," alimwambia mchomeleaji.

Mchomeleaji akashusha tundu moja. Mkurugenzi akaruka, akapita chini ya mpira. Mchomeleaji akashusha tena. Na tena. Matundu yalikwisha moja baada ya jingine, na sisi tulikuwa tumesimama mstari mmoja tukiangalia ardhi, mlima, popote. Kwenye tundu la mwisho, la chini kabisa, kiganja cha mkurugenzi kiligusa mpira, mpira ukachomoka na kuanguka hatua nne mbele. Makofi yalikuwa makubwa kweli, kwa sababu yalikuwa na nafuu ndani yake.

"Voilà!" alisema, akihema. "Apa ndio hauteur, ndio urefu. Asiguse mutu tena hii kitu. Funga apa apa."

"Patron, nifunge na pini ao nichomelee?"

"Chomelea. Watu ya hapa ukiwaachia pini, kila mutu atafanya yake."

Basi akachomelea. Nilimwona anavyotikisa kichwa nyuma ya miwani yake myeusi, lakini alikuwa mtu wa kazi ya siku moja, na kazi ya siku moja haibishani.

Walipoondoka wote, nilichukua utepe wa kupimia wa bohari nikapima mara tatu. Kitovu cha mpira kilikuwa mita mbili na sentimita thelathini na moja kutoka ardhini. Wavu wa wanaume, kwa mujibu wa sheria, ni mita mbili na sentimita arobaini na tatu. Maana yake ni kwamba mpira tuliotengenezewa kuupiga ulikuwa chini ya wavu ambao tungepaswa kuupitisha juu yake. Sihitaji kuandika zaidi. Mtu akizoea kupiga pale, amezoea kupiga wavu.

Mhasibu wetu, aliyerudi kutoka Tanzania na ambaye uwanjani ndiye aliyewapandishia wapigaji mpira, alinikuta na utepe mkononi.

"Umepima, ndugu yangu?"

"Nimepima. Ni chini ya wavu kwa sentimita kumi na mbili."

"Vizuri. Sasa umeshapima, pumzika."

Sikupumzika. Katika ofisi yetu mkurugenzi hakuelezwa kosa kwa mdomo. Uliandika ripoti, ukampa sekretari, akaiweka katika folda ya kijani, na baada ya siku mbili au tatu ikakurudia. Niliandika ukurasa mmoja. Nilitaja vipimo vyote viwili, nikachora mstari wa wavu na mstari wa mpira, na kupendekeza pini irudishwe. Siku ya tatu ripoti ilirudi ikiwa na muhuri wa "Vu", yaani imeonekana, sahihi nzuri yenye mkia mrefu, na chini yake kwa mwandiko wake: "Félicitations. Continuez." Hongera, endelea. Sikujua niendelee na nini. Niliiweka kwenye faili, na hapo ndipo ujasiri wangu ulipoishia. Niliamini kwamba kuandika ni sawa na kusema.

Ijumaa sita zilifuata. Kila Ijumaa mkurugenzi alifungua mazoezi kwa pigo lake la kwanza, kama mtu anayekata utepe, na sisi tukapiga makofi. Kisha tukapanga foleni, watu kumi na wanne, mashine moja, mpira mmoja. Mtu alipiga, mpira ukagonga ardhi na kuruka ua, ukaingia kwenye maharage ya mama jirani, mama akaurudisha pamoja na maneno yake yote kuhusu wanaume wasio na kazi, na ndipo wa pili akajiandaa. Nilihesabu: katika saa moja na nusu kila mtu alipiga mara tisa. Mchezo hatukucheza. Wavu ulifungiwa ndani ya bohari yangu kwa amri ya mkurugenzi, ili, alivyosema, watu wasirudie tabia za zamani. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Ningeweza kuutoa wavu mchana wowote. Sikuutoa.

Mbeba magunia alikuwa hodari kwenye mashine kuliko wote, na hilo lilinishangaza, kwa sababu mara ya kwanza aliruka kama kawaida yake na kiganja kikapita juu kabisa ya mpira. Mkurugenzi alicheka mpaka akashika magoti.

"Unaona? Huyu ndiye champion yenu! Hata mupira yenye imesimama anaikosa!"

Ijumaa ya pili alikuwa amebadilika. Alifupisha mbio zake, hakuruka ila kidogo, akakunja mkono kama anayepigilia kigingi, na mpira ulitoa mlio uliosikika mpaka barabarani. Mkurugenzi alipima upigaji kwa mlio.

"Sikia! Sikia ile sauti! Ni ile ya Bulaya!"

Nilimfuata mchana mmoja akiwa amekaa juu ya magunia, anakula viazi vya kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki.

"Ile mashine iko chini," nilimwambia. "Nimepima."

"Muzee, we ulipima na metre. Mi nilipima na mukono siku ya kwanza."

"Mbona husemi?"

"Niseme kwa nani? Kwa ule mwenye ataandika kontra yangu? Nimuambie, patron, we uko mufupi?"

"Utauharibu mkono wako. Siku ya Mudende utapiga wavu."

Alimenya kiazi bila haraka.

"Mukono ni yangu, muzee. Kontra ni yake. Nikipiga vile anapenda, siku ya match ataniingiza. Nikiisha kuingia, tutaona."

Nilimwona mjinga wakati ule. Niliwaona wote wajinga: mkurugenzi na tai yake, mhasibu na ushauri wake wa kupumzika, wale kumi na wawili katika foleni wakipongezana kwa mlio. Nilidhani tofauti yangu na wao ilikuwa kubwa kwa sababu nilikuwa na namba kwenye daftari.

Mechi ilichezwa Jumamosi mchana katika uwanja wa shule moja pale Nengo. Kwa kuwa bosi mkubwa alikuwa anakuja kutoka Kigali kukagua kampuni na angetazama mchezo, mkurugenzi aliagiza mashine ipakwe rangi ya kijani, ipakiwe kwenye pikapu na kusimamishwa kando ya uwanja kama maonyesho. Ilisimama pale inang'aa. Wachezaji wa Mudende walifika juu ya lori la viazi, wakateremka, wakakung'uta matope ya viatu, wakaizunguka.

"Hii ni ya nini? Ya kukamulia?" mmoja aliuliza.

"Ya kunyongea kuku," mwenzake akamjibu, na lori zima likacheka.

Niliuliza wao wanajifunza kwa kitu gani. Walinieleza bila maringo kwamba huweka mpira ndani ya mfuko wa nyavu wa kubebea viazi, wakautundika kwenye tawi la mkaratusi kwa kamba, na mtu akiupiga kwa urahisi, wanavuta kamba.

"Mnavuta mpaka wapi?"

"Mpaka mutu akasirike."

Hakuna kitabu changu kilichowahi kueleza vizuri zaidi.

Mimi niliandika pointi kwa chaki kwenye ubao. Seti ya kwanza ilikuwa kama imeandaliwa na mtu ili kuthibitisha ripoti yangu, lakini haikunifurahisha. Mpira wa kwanza, wavu. Wa pili, wavu. Mhasibu naye, baada ya wiki sita za kuangalia bomba lile, alikuwa anapandisha mpira mpaka pale pale, kimo cha tundu la mwisho. Mbeba magunia alipiga mara tano, na mara nne wavu ulimrudishia kifuani. Mama mmoja aliyekuja na lori, mwenye mtoto mgongoni, alisimama akapaza sauti:

"Eh, ba papa! Ile wavu imewakosea nini?"

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Mkurugenzi alikuwa anatembea kando ya mstari, tai imepinda, anapiga kelele:

"Kama kwenye mashine! Pigeni kama kwenye mashine!"

Nasi tulikuwa tunapiga kama kwenye mashine. Hakuna timu iliyowahi kumtii kocha wake kwa ukamilifu kiasi kile.

Kabla ya seti ya pili nilimwona mbeba magunia akifuta viganja kwenye kaptula, akamwinamia mhasibu.

"Nipandishie. Juu kabisa. Sahau ile bomba."

"Patron anatazama."

"Najua anatazama. Tukipoteza hii, iko kwisha kwangu. Nipandishie."

Mhasibu akapandisha. Yule mtu alianzia nje ya mstari, akaja hatua tatu ndefu, akaruka, akakaa hewani kama zamani. Mpira uligonga upande wa Mudende na kuruka mpaka kwenye miguu ya lori. Wakulima wenyewe walisema "yewe!" Alipiga minne ya namna hiyo, na chaki yangu ikawa na kazi. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja tu.

Hapo mkurugenzi akaomba mapumziko, akamwita nje.

"Unafanya nini? Nimekutengeneza wiki sita, na we unanirudishia mambo ya Goma? Unaruka kama panzi! Kaa pale."

"Patron, lakini inaingia..."

"Nimesema kaa."

Akamwingiza dereva wake. Mbeba magunia alikwenda kusimama alikoonyeshwa, kando ya mashine, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza majina yakisomwa huku la kwake halimo. Sisi wote tulijua kilichotolewa uwanjani pamoja naye. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa na chaki mkononi na ripoti yenye muhuri kwenye faili, nami nikaandika pointi iliyofuata. Seti ile tulifungwa haraka, na kwa kuwa ilikuwa ya pili kati ya tatu, mechi ikaisha.

Bosi mkubwa wa Kigali alikuwa mama wa makamo, aliyekulia Uganda, mwenye macho ya kukagua. Voliboli haikumhusu. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye ile mashine, akaigonga kwa kalamu.

"Hiki ni kitu gani?"

"Ni mashine ya mazoezi, Madame. Ya kisasa," alisema mkurugenzi.

"Ni ya kampuni?"

"Ndiyo, Madame."

"Kila kitu cha kampuni kina mtu wa kukijibia. Wa hiki ni nani?"

Mkurugenzi akanitazama mimi. Vifaa vyote vilikuwa chini yangu, na nadhani alikumbuka kwamba nami nilikuwa na karatasi fulani. Macho yake yakanipita, yakaenda kwa mtu aliyekuwa karibu zaidi na lile bomba.

"Ni huyu, Madame. Ni technicien yake."

"Ameajiriwa?"

"Eh... kontra iko kwenye signature. Jumatatu anasaini."

Mama akamgeukia mbeba magunia. "Ni wewe?"

"Ndiyo, Mama. Iko mi."

Na bila kuambiwa, akauokota mpira, akaubana kati ya mikono ya chuma, akavuta springi mara mbili kwa uso wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi, akarudi nyuma hatua mbili fupi na kuupiga chini chini, kwa ule mlio uliopendwa. Mpira ulipotelea barabarani. Mama akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu, akaenda kwenye gari.

Jumatatu alisaini. Mkurugenzi asingeweza kumdanganya mama yule mara mbili. Kazi iliandikwa "fundi wa mashine ya michezo", kitu ambacho sijakiona kwenye karatasi nyingine yoyote maishani mwangu. Mapacha walipata kadi. Na kwa kuwa fundi ndiye anayeweka mpira kwenye mashine kila mtu anapopiga, hakuweza tena kuwa kwenye foleni, na asiyekuwa kwenye foleni hakuingia timu. Mtu pekee aliyejua kupiga mpira katika kampuni nzima aliajiriwa ili asiupige. Mudende walitufunga tena mwaka uliofuata, tena kwa pointi nyingi zaidi.

Lakini kabla ya hapo, mwisho wa mwezi wa kwanza wa kontra yake, niliandaa orodha ya vifaa ya kupeleka Kigali. Ilikuwa na safu ya hali ya kila kifaa. Mbele ya mashine niliandika kwa penseli: urefu si sahihi, haifai kwa mazoezi. Nilijisikia vizuri kuliandika. Nilijiambia kwamba safari hii litasomwa na mtu mwenye macho.

Fundi aliingia bohari kuchukua grisi, akaiona karatasi mezani.

"Muzee, umeandika nini pale?"

Nikamsomea. Akaketi juu ya gunia tupu.

"Ukiandika haifai, mi pia sifai."

"Lakini haifai. Wewe mwenyewe unajua."

"Mi najua, we unajua. Mama wa Kigali hajui. Akisoma ile, atauliza: sasa huyu fundi ni ya nini?" Alisema bila hasira. "Ulinyamaza wakati mi nilikuwa uwanjani, muzee. Leo ndio unapata mudomo?"

Nilichukua kifutio, nikafuta, nikaandika kwa wino: hali nzuri. Akasimama nyuma yangu akasoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Kisha akachukua kopo lake na kutoka kwenda kwenye kazi yake ya siku hiyo, ambayo ilikuwa kupaka grisi springi isiyohitaji grisi.